Pua Inanusa Kitu Kimoja

Tarehe 2 Machi

Kaka yangu, msimamizi wa mtambo, amenipa daftari hili leo mbele ya zamu nzima. Jekundu, gamba gumu, na kalamu yake mwenyewe juu. Amesema mkuu wa zamu ajaye lazima awe mtu wa kuandika, kwa hiyo kila siku niandike hali ya hewa, mabasi tuliyojaza, na lolote litakalonijia kichwani. Spana, fundi wetu wa mitambo, akadakia, "Lolote litakalomjia huyu kichwani litahitaji madaftari matatu." Wakacheka. Nami nikacheka, ila nilikwenda stoo peke yangu kulifungua na kulinusa. Bado lina harufu ya gundi.

Jua kali. Mabasi thelathini. Sifuri pote.

Tarehe 3 Machi

Kwa kuwa daftari ni jipya na bidii bado ninayo, nieleze kazi yetu kama ninavyowaeleza wageni. Mtambo wetu unachukua maji na umeme wa jua, unayapasua maji. Upande mmoja inatoka haidrojeni, tunaibana kwenye mitungi na kujaza mabasi ya mji. Upande wa pili inatoka oksijeni, tunaiachia iende zake angani. Basi likiwa njiani, bomba lake la nyuma linatoa mvuke na matone ya maji. Moshi hakuna. Dereva mmoja hukinga matone hayo kwa kikombe cha bati na kuyanywa mbele ya wageni, ndiyo maana tunamwita Kikombe. Kila mara anafuta midomo na kusema, "Hayana chumvi, hayana sukari, hayana dhambi."

Mimi kazi yangu ni Pua. Ndivyo tunavyokiita kile kidude cha mkononi kinachonusa haidrojeni inayovuja. Gesi hii haina rangi wala harufu, na ikikutana na cheche haikuulizi jina. Kila asubuhi, kabla kompresa, zile mashine za kubana gesi, hazijawashwa, napita vituo vinane. Naelekeza Pua kwenye kila kiungo, nasoma namba, napaza sauti: "Sifuri!" Zamu nzima inajibu: "Salama!" Asipojibu hata mtu mmoja, narudia. Hakuna anayegusa swichi kabla ya sifuri ya nane. Jina langu nililopewa na wazazi limepotelea hapo hapo. Naitwa Sifuri, na naitika.

Jua. Thelathini.

Tarehe 7 Machi

Jua. Thelathini. Sifuri.

Tarehe 11 Machi

Nimepita kwa Mama baada ya kazi. Kupita ni neno kubwa. Ukuta wa nyuma wa mtambo ndio ukuta wa bafu lake. Tumekaa uani tukichambua mboga, na kwa mara ya kwanza mwaka huu amecheka mpaka mwisho bila kukohoa.

Niandike na hili, lisije likasahaulika. Zamani hapa kwetu palikuwa karakana ya mabasi ya dizeli. Yalikuwa yanapashwa moto kuanzia alfajiri, na moshi ulikuwa unaingia mpaka kwenye sukari. Kifua cha Mama kiliharibikia hapo. Yeye ndiye aliyewaongoza majirani kwenda ofisi kwa ofisi, na kwa mdomo wake hakuna karani aliyemsahau. Serikali ya mtaa ilipotaka kuleta mtambo, majirani walikataa: moshi mwingine huo. Kaka ndiye aliyemkalisha Mama uani hapa hapa na kumwambia, "Mama, mimi ndiye nitakayeusimamia. Hata uzi mmoja wa moshi hautavuka ukuta huu." Mama akawaambia wenzake waondoe malalamiko. Akakata na kipande cha ua wake ukuta upite.

Jua, na upepo kidogo. Thelathini.

Tarehe 16 Machi

Mvua ya kwanza. Paneli zimeoshwa zikang'aa, kisha mawingu yakakaa juu yake yakagoma kuondoka.

Nimemuuliza Kaka: jua likikosekana, tutapasua maji kwa umeme gani? Betri zetu ni za siku moja na nusu, hilo najua. Akatabasamu kama mwalimu aliyepata swali alilolingoja. "Kwa bwawa, mdogo wangu. Tumevuta laini ya umeme wake. Mvua ikitunyima jua, inatujazia bwawa. Mungu akifunga huku anafungua kule." Nimelipenda jibu hilo, na keshokutwa nitawaambia wanafunzi watakaokuja kutembelea.

Mabasi thelathini.

Tarehe 17 Machi

Mawingu. Thelathini. Sifuri.

Tarehe 18 Machi

Mawingu. Thelathini. Wanafunzi walikuwa arobaini, na mmoja aliuliza kama basi linaweza kulewa.

Tarehe 19 Machi

Mvua mchana kutwa. Thelathini. Sifuri.

Tarehe 22 Machi

Mama anakohoa tena. Anasema anasikia harufu ya moshi, hasa asubuhi, na hasa bafuni.

Nikamwambia, "Mama, jiko lako la mkaa liko hatua tatu kutoka hapo."

"Jiko langu nalijua. Huu ni moshi wa gari."

"Magari yapo barabarani."

"Barabara iko mbele. Harufu inatoka nyuma."

"Nyuma kuna mtambo, na mtambo hautoi moshi. Unatoa maji na oksijeni. Ungekuwa unavuta hewa ya upande huo ungepona, Mama."

Nilijiona nimesema la maana. Yeye akaniangalia, akaendelea kukohoa. Ukweli ni kwamba hata mimi nilisikia kitu pale mlangoni pa bafu. Nikasema ni jiko.

Mawingu. Thelathini.

Tarehe 27 Machi

Nimelichukua jiko la mkaa. Nimempelekea lile langu la gesi, nikamfungia mtungi, nikamwonyesha kuwasha. Alisimama mlangoni mikono nyuma, anatazama jiko lake likiondoka. "Nimekulea kwa jiko hilo," akasema. Nikamjibu kuwa ndilo linalommaliza. Tukaachana hivyo, bila kuagana vizuri.

Mvua. Thelathini. Sifuri.

Tarehe 28 Machi

Mvua. Thelathini.

Tarehe 29 Machi

Mvua. Thelathini. Kikombe amesema wingu hili limekodishwa.

Tarehe 2 Aprili

Siku ya sita bila jiko, na kikohozi kiko pale pale. Leo amenionyesha pazia la dirisha la nyuma. Lilikuwa jeupe, mimi mwenyewe nilimnunulia. Sasa lina rangi ya maji ya kuoshea sufuria.

"Haya, na hili nalo ni jiko?"

Nikamwambia ni ukungu. Mvua ikikaa, nguo zote zinaota ukungu, hata za kwangu.

"Ukungu unanuka unyevu," akasema. "Nusa."

Sikunusa. Nilikuwa na haraka, na nimechoka kusomeshwa kazi yangu na mtu asiyejua kompresa ni nini. Naandika hivi nilivyohisi, kwa kuwa ndivyo daftari lilivyotaka. Mama yangu akishikilia neno ni kama kupe. Nilitoka nimekasirika, na njia nzima nilikuwa najibizana naye kichwani, na kichwani nilishinda.

Mawingu. Thelathini.

Tarehe 4 Aprili

Nimelimaliza. Nimeomba ruhusa kwa Kaka, nimechukua Pua, nimekwenda nayo kwa Mama baada ya zamu. Nikapima chumba chake cha kulala, bafu, dirisha, na pazia lenyewe. Nikamwekea kioo mbele ya macho asome mwenyewe.

"Sifuri," nikasema.

Kwa mazoea nikanyamaza, nikingoja aseme salama. Hakusema. Alikaa kitandani akauliza, "Hiyo mashine yako inakohoa?"

"Mama, mashine haikohoi."

"Basi."

Niliporudisha Pua, Kaka aliuliza majibu. Nilipomwambia alivuta pumzi, akanipiga bega. "Afadhali. Tuondoe maneno ya mitaani. Iandike kwenye fomu: nyumba ya jirani, chumba cha kulala, sifuri. Tia na saini." Nikaandika, nikatia. Aliniambia pia kwamba jina langu limeshapelekwa juu kwa ukuu wa zamu.

Mvua. Thelathini. Furaha.

Tarehe 9 Aprili

Wageni wa maana, wenye viatu vya kung'aa. Kikombe alikunywa vikombe viwili. Kaka aliwaambia kwamba hata kiwanda cha saruji kule juu kinataka haidrojeni yetu kwa matanuru yake, na kwamba hewa ukaa ambayo haiwezi kuzuiliwa kutoka itafyonzwa na kuzikwa ndani ya miamba. Anajua kusema. Nilisimama nyuma yake na Pua kifuani, kama bibi harusi na maua.

Mawingu. Thelathini.

Tarehe 13 Aprili

Mama amelazwa zahanati tangu jana. Jirani ndiye aliyemkuta ameinama uani, ameshika kamba ya nguo, hawezi kuvuta pumzi.

Daktari aliuliza, "Nyumbani mnapikia nini? Kuna anayevuta sigara? Kuna mashine ya dizeli jirani?" Mama alikuwa na kifuniko cha oksijeni usoni, hawezi kusema. Nikamjibia mimi: tulikuwa na jiko la mkaa, nimeshaliondoa, dizeli hakuna, jirani yetu ni mtambo wa haidrojeni, ninafanya kazi pale, nimepima mwenyewe. Daktari akaandika. Mama akafumba macho.

Nilikaa naye mpaka saa kumi jioni nikitazama mtungi wa oksijeni ukipungua. Kaka alikuja na matunda na maua, akambusu mkono, akakaa dakika kumi. Alikuwa hatulii kwenye kiti. Nikasema moyoni, maskini, anampenda mama yake.

Sijui mabasi mangapi.

Tarehe 18 Aprili

Naandika hii nikiwa nimekaa kwenye ngazi za stoo, saa sita mchana. Niandike kwa mpangilio.

Umeme umekatika mji mzima tangu saa mbili. Nguzo za laini ya bwawa zimeangushwa na maji. Redio ya mlinzi imesema hazitasimama kabla ya kesho. Zahanati haina taa. Ofisi yetu haina taa. Mawingu ni yale yale, siku ya tatu mfululizo, na betri zetu nimezisoma kwa macho yangu jana jioni: tupu.

Na kompresa zinaunguruma.

Nilisimama uwanjani na Pua mkononi, nikisikiliza. Mitungi inajaa. Basi la kumi na nne lilikuwa linaingia foleni. Maji yanapasuliwa, bila jua, bila bwawa, bila betri, na mimi niliyekaa miaka miwili nikiwaeleza wageni umeme unatoka wapi, sikujua unatoka wapi.

Nikaufuata mlio. Nikazunguka nyuma ya matangi mpaka chumba cha pampu, kile ambacho ufunguo wake anao Kaka na Spana tu. Leo mlango umeachwa wazi kwa ajili ya joto. Ndani, kuta zimevikwa magodoro ya zamani mpaka juu, na katikati jenereta ya dizeli kubwa kuliko gari. Spana alikuwa ameinama anaiongezea oili.

"Spana, hii ni nini?"

Aligeuka, akanishangaa kwa dhati kabisa. "Sifuri, acha utani. Wewe dada yake wa damu, hujui?"

"Sijui nini?"

Akaweka chupa chini taratibu. "Tunawasha kila mawingu yakizidi siku mbili. Tangu mwaka jana. Laini ya bwawa inawasha taa za ofisi tu, haina nguvu ya kubeba mtambo." Kisha, kwa sauti ya chini, "Wote tulidhani unajua. Tulikuwa tunasema, huyu dada ana moyo wa chuma, anavyopiga kelele zile za salama."

Nikamuuliza moshi unakwenda wapi. Alinionyesha bomba linaloshuka sakafuni, linaingia kwenye mfereji wa zamani uliokuwa unatoa maji machafu ya karakana. Mfereji huo naujua tangu utoto, tulikuwa tunasukumia vijiti. Unatokea nyuma ya bafu la Mama.

Nimetoka nje ya geti, nimezunguka, nimetenganisha magugu. Mdomo wa mfereji ni mweusi tititi, na magugu yaliyo karibu yake yamekauka kwenye mvua hii inayootesha hata mawe. Nikakaa chini kwenye matope.

Pua nilikuwa bado nimeishika. Nikaielekeza pale, sijui kwa nini. Moshi unanipiga usoni, macho yanatoa machozi, na kioo kinasema sifuri. Pua inanusa haidrojeni. Hainusi kitu kingine. Hilo ndilo jambo la kwanza wanalokufundisha, siku ya kwanza, kabla hujapewa hata buti. Nililijua tarehe nne, nilipokuwa nampimia Mama pazia.

Tarehe 19 Aprili

Nimemkuta Kaka ofisini. Hakukana. Alifunga mlango, akanivutia kiti.

"Kaa, mdogo wangu. Ni ya msimu wa mvua tu."

"Uliniambia bwawa."

"Laini kubwa itakuja. Ningewaambia abiria wangoje jua? Siku mbili bila mabasi wangesema haidrojeni ni mchezo wa watoto, wangeyarudisha yale ya dizeli. Unayakumbuka? Moshi wa jenereta moja kwa wiki chache, au moshi wa mabasi thelathini mwaka mzima. Chagua."

Ana akili, kaka yangu. Ukimsikiliza dakika mbili unajikuta unamwonea huruma. Akafungua droo, akanionyesha karatasi yenye muhuri. "Na hata huo mdogo tumeshauondoa. Kuna watu wanafyonza hewa ukaa kwa mitambo na kuizika kwenye miamba. Kila tani tunayoitoa hapa, wao wanaondoa tani moja kule. Kwenye ripoti tuko safi."

"Mama yuko kwenye ripoti?"

Akairudisha karatasi kwenye droo.

"Wanafyonza hewa ukaa, Kaka. Hawafyonzi masizi kifuani mwa mtu. Kwa nini ukauelekeza kwake?"

Alitazama dirishani. Nilitamani aseme ni bahati mbaya, mfereji ulikuwapo tu. Ningemwamini. Lakini akasema ukweli, na ukweli ndio ulionivunja.

"Mbele ni barabara, wageni wanaingilia hapo. Kushoto kuna shule. Kulia kuna ofisi za watu. Jirani yeyote mwingine angelalamika siku ya kwanza. Mama hawezi kunilalamikia mimi."

Mwanamke aliyewatoa jasho makarani wa mji mzima, mwanawe alimpigia hesabu ya mapenzi akapata jibu sahihi. Nikamuuliza, "Na mimi? Ile fomu?"

"Uliipima wewe. Sikukulazimisha." Kisha akalainika, akanishika mkono. "Nipe wiki moja. Nitajenga bomba refu la kupanda juu. Mkaguzi anakuja mwisho wa mwezi, kila kitu kitakuwa sawa. Funika kombe mwanaharamu apite. Damu ni nzito kuliko maji."

Nimempa wiki. Mama nimemtoa zahanati nikamhamishia chumbani kwangu, nimemwambia nyumba yake inavuja. Hivyo na mimi nimeanza kusema uongo.

Mawingu. Thelathini.

Tarehe 21 Aprili

Mawingu. Thelathini. Nimepiga kelele za sifuri nane. Wamejibu. Sasa nazisikia zile salama zao.

Tarehe 23 Aprili

Mvua. Thelathini. Hakuna bomba.

Tarehe 24 Aprili

Leo nimelisoma daftari hili tangu mwanzo. Mawingu, thelathini. Mvua, thelathini. Mawingu, thelathini. Nilikuwa naandika ushahidi kila jioni kwa kalamu aliyonipa yeye. Mtoto wa shule angeona. Nadhani alinijua: dada yangu anapenda kuandika, hapendi kusoma alichoandika. Nilivishwa kilemba cha ukoka nikakitengeneza kwenye kioo.

Tarehe 26 Aprili

Wiki imekwisha. Hakuna bomba, hakuna hata fundi wa kupima bomba. Kaka amenipita uwanjani akisema na simu.

Mvua. Thelathini.

Tarehe 29 Aprili

Jua, la kwanza baada ya siku nyingi. Jenereta imezimwa, mlango wa pampu umefungwa. Mkaguzi amekuja: mwanamke mfupi, buti za mpira, mkoba wa begani. Kaka aliniagiza nipite vituo mbele yake, nipaze sauti vizuri.

Nikapita. Sifuri, salama. Sifuri, salama. Baada ya ya nane watu wakaanza kwenda kwenye swichi. Nikasema, "Kuna kituo cha tisa."

Kaka alisema, "Vituo ni vinane." Mkaguzi alimtazama, akanitazama, akasema, "Tuone cha tisa."

Nilimtoa nje ya geti, nikamzungusha mpaka nyuma ya bafu la Mama. Zamu nzima ilitufuata, na Kaka. Nikatenganisha magugu. Kisha nikamwingiza chumbani kwa Mama, pazia bado linaning'inia. Alitoa kitambaa cheupe mkobani, akakipitisha kwenye wavu wa dirisha, akakigeuza. Cheusi. Nikampa daftari hili. Alisoma amesimama, akazipiga picha kurasa zote za mawingu kwa simu yake.

"Nani alijua?" akauliza.

Spana alikuwa anasoma buti zake. Kikombe peke yake alionekana kama mtu aliyeambiwa maji yote aliyokunywa yalikuwa ya mtaro.

Kaka ndiye aliyesema, kwa upole, kama anayenisikitikia. "Tuna msimamizi wa vipimo, mheshimiwa. Ni huyu hapa. Malalamiko ya nyumba hii yalipokuja, alitumwa yeye, na haya ndiyo majibu yake." Alikuwa amekuja na faili. Alikuwa nalo mkononi tangu getini. Alijua kuwa huenda nitasema, akaniandalia. "Nyumba ya jirani, chumba cha kulala, sifuri. Na saini."

Mkaguzi akaichukua fomu. "Hii ni saini yako?"

"Ndiyo."

"Ulipima nini?"

"Haidrojeni."

"Na mwenye nyumba alikuwa analalamikia nini?"

"Moshi."

Aliandika muda mrefu. Nilitaka niseme kwamba sikujua, kwamba niliambiwa bwawa, kwamba huyu ni kaka yangu wa tumbo moja na alinibeba mgongoni kuvuka mto. Nilimtazama yeye badala yake. Hakukwepa macho yangu, na hilo ndilo lililoniuma kuliko faili. Alikuwa ananitazama kama mashine iliyoharibika, inayobidi kubadilishwa.

Tarehe 3 Mei

Jenereta imetiwa lakiri. Kaka amesimamishwa. Mimi pia nimesimamishwa. Wifi, mke wake, amenitumia ujumbe kwamba nimebomoa nyumba ya watu kwa wivu. Kaka hajatuma kitu.

Mabasi ya leo sijui. Kikombe amepita kunisalimia, amesema siku za mawingu sasa yanatoka kumi na mbili, abiria wanamtukana yeye. Kikombe chake cha bati hakuwa nacho.

Tarehe 11 Mei

Mawingu membamba. Mama amesema amechoka kukaa kwa watu, anataka kwake. Nimemweleza yote, ilinichukua mchana mzima. Hakulia. Aliuliza swali moja: "Kaka yako anakula?"

Tarehe 12 Mei

Jua. Nimemrudisha nyumbani.

Nilitoa beseni uani nikaanza kulifua pazia. Maji ya kwanza yalitoka meusi, ya pili kijivu, ya tatu bado kijivu. Nilikuwa nafua na kusema. Nilimsema Kaka kuanzia utoto wake: uongo wa madaftari ya shule, jinsi alivyokula fungu langu la nyama akasingizia paka. Nikasema amemuuza mama yake, ameniuza na mimi, alinibeba mgongoni kuvuka mto ili tu baadaye auvunje wangu. Nilisema mengi mazuri, nilikuwa nimeyaandaa.

Mama alikuwa kwenye kiti, anapumua polepole kwenye jua. Aliningoja nimalize.

"Ametuma mtu jana," akasema. "Anataka kuja kuniomba msamaha."

"Asithubutu."

"Atakuja. Wewe ushaniomba?"

Nikaacha kufua.

"Mimi, Mama? Mimi ndiye niliyemfichua."

"Nimesikia. Umemfichua kwa mkaguzi." Alikohoa, akangoja kikohozi kipite. "Kaka yako alinificha. Niliumia, lakini anayekuficha jambo anajua kwamba una macho. Wewe nilikwambia. Nilikwambia moshi, ukachukua jiko langu. Nilikwambia nusa, ukaangalia saa. Nilikwambia tena, ukaniletea mashine. Na nilipokuwa siwezi kusema, ulimjibu daktari kwa niaba yangu."

Hakupaza sauti. Aliyesema hayo ni mama aliyekuwa akiwatoa jasho makarani, na kwa mwezi mzima mimi nilikuwa karani.

Nilibaki nimechutama, mikono ndani ya maji ya kijivu. Nilijua neno linalotakiwa, na halikutoka. Nikamwaga maji, nikachota mengine.

Tarehe 13 Mei

Jua kali. Nimemwomba Mama msamaha asubuhi, bila kutaja jina la Kaka. Alilitoa pazia kambani, akanipa pembe mbili, akashika mbili, tukalikunja.

Kisha akasema niende nikamletee jiko lake.